Injini ya roli inapiga tik-tik: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya madereva, matajiri wenye roli moja au mbili, na mafundi wanaoanza kazi. Mifano mingi ni ya Canter, Isuzu, Howo na Scania za zamani, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu, kuanzia Dar hadi Tunduma na Mombasa hadi Malaba. Kama uko njiani sasa hivi, soma swali la kwanza tu, mengine utayasoma ukishaegesha.

Nimesikia tik-tik nikiwa safarini. Nizime au niendelee?

Angalia geji ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa taa ya oili imewaka, au mshale umeshuka chini ya pale unapokaa siku zote, tafuta pa kuegesha na uzime hapo hapo. Usijipe moyo kwamba mzani uko karibu. Zima pia kama mlio ni mzito, ngo-ngo-ngo, unaousikia hadi miguuni kupitia sakafu ya kabini, au kama umeanza ghafla ukifuatana na moshi, mtetemo au gari kukosa nguvu. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu ya injini) ikishaanza kuachia, injini inaweza kunoki kabla hujamaliza kupanda kilima kimoja, na hapo utalipia krenki, konrodi na pengine bloku yenyewe.

Mlio ukiwa mwepesi, presha ya oili ikiwa sawa, joto sawa na nguvu haijapungua, mara nyingi unaweza kufika gereji kwa mwendo wa taratibu. Simama baada ya kilomita chache, pima oili, fungua kabini usikilize tena. Ukiona mlio umekua, safari imeishia hapo.

Si kila injini ya dizeli inagonga? Nitajuaje kama huu wangu ni ugonjwa?

Kweli, dizeli ina mlio wake. Mafuta hurushwa ndani ya hewa iliyobanwa ikapata moto, hukaa muda mfupi sana bila kuwaka, halafu huwaka kwa mpigo. Mpigo huo ndio ile ka-ka-ka ya injini baridi asubuhi. Ni mlio wa silinda zote kwa usawa, na hulainika injini ikipata moto.

Ugonjwa hujitenga. Utasikia mpigo mmoja umepanda juu ya mingine, au mlio unatoka upande mmoja, au unakuja na kupotea bila kufuata mwendo wa injini. Dereva aliyekaa na gari muda mrefu husikia tofauti hii kabla ya fundi. Kwa hiyo dereva akisema "gari si lile la juzi", msikilize, hata kama wewe husikii kitu.

Naanzia wapi?

Anza na dipstiki. Gari liwe kwenye tambarare na injini iwe imezimwa dakika kadhaa. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza, washa, sikiliza. Ikiwa juu kuliko ulivyoiacha na inanuka dizeli, basi mafuta yanavujia ndani: oili imekuwa nyepesi, haishikilii beringi, na huna ruhusa ya kuendelea kuendesha. Mafuta hayo yanaweza kuwa yametoka kwenye nozeli (kifaa kinachorusha dizeli ndani ya silinda) inayovuja, sili ya pampu, au mabomba ya kurudishia mafuta ambayo kwenye baadhi ya injini yamejificha chini ya kava ya tapeti, yaani kava ya juu ya injini inayofunika valvu.

Baada ya hapo jibu maswali matatu, na uyaandike hata nyuma ya risiti ya mafuta. Mlio unatokea lini: injini baridi, ya moto, au wakati wote? Unabadilika na nini: mzigo, klachi, breki, gia? Na mapigo yake yana kasi gani ukilinganisha na mzunguko wa injini? Mtu aliyejibu matatu haya ameshapunguza kazi kwa nusu. Mafundi wengi wanaofungua injini bure ni wale walioyaruka.

Kasi ya mapigo inaniambia nini?

Kwenye injini hizi za mipigo minne, kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 600 kwa dakika, krenki inazunguka mara 10 kwa sekunde na kamshafti mara 5. Kila valvu hufunguka mara moja kwa mzunguko wa kamshafti, na kila nozeli nayo hufanya kazi yake mara moja.

Kwa hiyo tik ya valvu moja, nozeli moja, au uvujaji wa ekzosi wa silinda moja hupiga mara 5 kwa sekunde. Kasi hiyo unaweza kuifuata kwa kidole mezani. Kinachogonga kila krenki inapozunguka, kama boliti iliyolegea ya flaiwili au beringi ya konrodi iliyoisha, hupiga mara 10, na hapo kidole hakifuati tena. Kompresa, pampu ya maji na alteneta zina kasi zake kufuatana na gia au puli, hivyo mapigo yasiyolingana na lolote kati ya hayo mawili hukupeleka kwenye vifaa vya pembeni.

Huhitaji saa. Mtu aliyezoea ngoma atasikia tofauti hii haraka kuliko mwenye mashine ya kupimia.

Nasikilizaje mahali mlio unapotoka?

Chukua bisibisi ndefu au kipande cha nondo laini. Ncha moja iguse chuma, nyingine iguse kidole gumba ulichokiweka mbele ya sikio. Usiingize kitu sikioni, na funga mikono ya shati na lemba kabla hujakaribia feni. Gusa kava ya tapeti juu ya kila silinda, kisha kila nozeli, kisha ubavu wa bloku, kisha sampu (karai la oili chini ya injini), kisha kompresa na alteneta. Usikimbilie mlio mkubwa. Pita pote kwanza uone umepungua wapi, kwa sababu chuma hubeba sauti mbali, na kava nyembamba ya bati hupaza kila kitu kilicho chini yake.

Kwa uvujaji wa hewa au moshi, chuma hakisaidii. Tumia mpira wa maji wa mita moja: ncha moja sikioni, nyingine itembeze kando ya manifoldi bila kuigusa. Ukifika penye tobo utasikia pf-pf-pf kama mtu anakupulizia.

Fundi amesema ni tapeti. Ni kweli?

Huenda. Ni jibu linalotolewa upesi mno, lakini pia ni kisababishi cha kawaida kabisa kwenye injini zinazosetiwa kwa mkono, na ni cha bei nafuu kukihakikisha. Mlio wa tapeti ni mwepesi na mkavu, uko juu, unafuata kasi ya kamshafti, na haubadiliki sana gari likiwa na mzigo au tupu.

Usikubali kusetiwa kwa sikio. Kuna fila geji, zile bapa nyembamba zenye namba, na kila injini ina kipimo chake. Isuzu 4HF1 na Fuso 4D34 ni milimita 0.40 kwa valvu zote, injini ikiwa baridi. WD615 iliyo kwenye Howo nyingi ni 0.30 kwa za kuingiza hewa na 0.40 kwa za ekzosi. Cummins 6BT ni 0.25 na 0.51. Kama injini yako haiko hapa, tafuta kitabu chake au kibandiko kwenye kava. Usiazime namba ya jirani.

Kazi yenyewe kwa injini ya silinda nne, inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, huenda hivi. Gari gia huru, breki ya mkono imevutwa, matairi yamewekewa vigingi, betri imechomolewa. Zungusha krenki kwa spana, kwa upande inaozungukia ikiwaka, hadi alama ya puli au flaiwili ilingane na pistoni ya kwanza kuwa juu. Tikisa roka (mikono midogo inayosukuma valvu) za silinda ya kwanza. Zote mbili zikicheza, uko kwenye mbano. Zisipocheza, ongeza mzunguko mmoja kamili. Sasa unaweza kuseti valvu zote mbili za silinda ya kwanza, ya kuingiza ya silinda ya pili, na ya ekzosi ya silinda ya tatu. Zungusha krenki mara moja tena, umalizie zilizobaki.

Kwa silinda sita zenye mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, nafasi ya kwanza unaseti kuingiza 1, 2 na 4, pamoja na ekzosi 1, 3 na 5. Nafasi ya pili ni nyingine zote.

Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, isiingie yenyewe wala isilazimishwe. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, maana skrubu hupenda kuzunguka pamoja na nati. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kuna fundi atakayebana zaidi ya kipimo ili mlio upotee na umlipe ukiwa unatabasamu. Mkatalie. Tapeti iliyolegea hupiga kelele. Iliyobanwa haisemi kitu, lakini valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, na mwishowe inaungua. Mimi ningependa kusafiri na tapeti inayolalamika kidogo.

Tapeti zimesetiwa vizuri, baada ya muda mfupi mlio umerudi.

Basi kuna kitu kinaliwa au kimepinda. Pima tena. Ukikuta nafasi ileile imefunguka kwenye valvu moja tu, toa pushirodi yake (fimbo inayosukuma roka) uiviringishe juu ya kioo cha dirisha: iliyonyooka hulala na kwenda kimya, iliyopinda hurukaruka na utaona mwanga ukipita chini yake. Angalia ncha ya roka kama imechimbika, shafti ya roka kama ina mifereji, na springi ya valvu kama imekatika. Springi iliyokatika huweza kubaki imesimama mahali pake, na usipoizungusha kwa kidole hutaona.

Vyote hivyo vikiwa vizima, weka dayali geji juu ya roka na uzungushe injini. Valvu inayonyanyuka kidogo kuliko wenzake inamaanisha nundu ya kamshafti imelika. Hiyo sasa ni kazi kubwa, na oili ijayo itakuja na chembe za chuma.

Nitajuaje kama ni nozeli?

Kata silinda mojamoja. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na pia ndicho kinachoweza kukuua, kwa hiyo soma aya hii na inayofuata kabla hujashika spana.

Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mkono wa chuma, mfano 4D34, 4HF1 au Scania 113, injini ikiwa sailensa legeza nati ya bomba la nozeli moja robo mzunguko, ukiwa umeifunika kwa kitambaa na umevaa miwani. Silinda hiyo itaacha kuwaka na injini itayumba. Sikiliza mlio. Ukitoweka au kupungua sana, chanzo kiko kwenye silinda hiyo: nozeli yenyewe, pini ya pistoni, au beringi ya konrodi. Usipobadilika, kaza na uende silinda inayofuata. Na kama ulipolegeza injini haikuyumba kabisa, silinda hiyo ilikuwa imekufa tangu mwanzo.

Kwenye injini za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa), mfano 4HK1 na nyingi za miaka ya karibuni, USILEGEZE BOMBA INJINI IKIWA INAWAKA. Presha ndani ya reli huweza kupita bar 1,600. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi, hata glovu, na kuingia kwenye nyama. Kidonda huonekana kama kimechomwa sindano na mwanzoni hakiumi sana, kumbe mkono unaoza kwa ndani. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo na aseme wazi ni dizeli ya presha, asisubiri avimbe. Kwa injini hizi silinda hukatwa kwa mashine ya daignosisi. Hata kuchomoa plagi ya nozeli inayofanya kazi sikushauri, kwa sababu waya zake hubeba volti nyingi kuliko betri.

Scania na Volvo zenye nozeli za kusukumwa na kamshafti zina roka ya tatu kwa kila silinda, nayo ina kipimo chake cha kusetiwa. Ikilegea hupiga kama tapeti, ila kwa uzito zaidi. Fundi aliyeseti valvu akaisahau hiyo hajamaliza kazi.

Ukishaijua silinda, badilishana nozeli: ya 2 iende 3, ya 3 ije 2. Mlio ukihama, tatizo ni nozeli, nayo ipelekwe kwenye benchi ikapimwe presha na umwagaji. Mlio ukibaki palepale, acha kulaumu nozeli. Kwenye komoni reli nyingi kila nozeli ina namba yake iliyosajiliwa kwenye kompyuta ya gari, kwa hiyo ukihamisha, namba nazo zihamishwe.

Nimeona kitu cheusi kama lami kuzunguka nozeli. Kina uhusiano?

Sana. Washa ya shaba iliyo chini ya nozeli imeshindwa kuziba, na moto wa silinda unatoroka kidogo kidogo kila unapobanwa. Utasikia tik yenye upepo ndani yake, ts-ts-ts, hasa injini ikiwa na mzigo, na kabini itanuka moshi ukiwa umesimama kwenye foleni. Uchafu ule mweusi hujijenga juu ya nozeli hadi inagandana na hedi. Ukikaa nao mwaka, kuichomoa nozeli kutagharimu kuliko nozeli yenyewe.

Kubadilisha washa ni rahisi, lakini kiti chake kisafishwe mpaka shaba ikutane na chuma kitupu. Washa mpya juu ya kaboni ya zamani itavuja tena. Na usirudishe washa iliyotumika.

Wenye Hilux na Prado za injini 1KD walichukulie hili kwa uzito wa peke yake. Kwenye injini ile moshi unaovuja huingia chini ya kava, kaboni ikashuka na oili hadi kwenye sampu na kuziba chujio la kufyonzea. Kilichoanza kama tik ya washa kinaishia kwenye injini iliyokosa oili. Ukibadilisha washa zilizovuja muda mrefu, teremsha sampu uangalie chujio lile kwa macho.

Inagonga asubuhi, ikipata moto inaacha.

Angalia manifoldi ya ekzosi kwanza. Gasketi ikiungua au stadi ikikatika, pengo hubaki wazi chuma kikiwa baridi na kuziba kinapotanuka. Tafuta masizi meusi kwenye hedi kando ya gasketi. Hiyo ndiyo saini yake. Ukitaka uhakika, utingo azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, injini ikiwa sailensa, nawe usikilize juu: mvujo utapaza sauti.

Pistoni iliyolegea kwenye silinda nayo hugonga asubuhi na kutulia ikitanuka. Hiyo inaweza kwenda miaka, ila usishangae ikianza kula oili. Na kama injini yako ina tapeti za oili zinazojiseti zenyewe, kugonga kwa sekunde chache baada ya kulala usiku si jambo la kukunyima usingizi.

Mlio unaofanya kinyume, kimya asubuhi na kugonga injini ikiwa ya moto, ndio wa kuogopa. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na beringi iliyoisha hujitangaza hapo.

Mlio unakuja na kukata wenyewe hata nikiwa nimesimama.

Kama gari lina breki za upepo, mshuku kompresa. Weka vigingi, acha injini sailensa, tazama geji ya upepo. Presha ikifika kiwango chake, karibu bar 8 kwenye roli nyingi za zamani, utasikia pshh na kompresa inaacha kusukuma. Mlio ukibadilika sekunde ileile, umeshika mwizi. Kanyaga breki mara kadhaa presha ishuke, kompresa ianze tena, usikilize urudie. Mara nyingi ni valvu za hedi ya kompresa zilizojaa kaboni, au beringi ya konrodi yake ndogo. Nimeona injini zinafunguliwa nzima kwa ajili ya kifaa hiki.

Canter na Isuzu ndogo hazina kompresa, zina pampu ya vakyumu, mara nyingi nyuma ya alteneta. Nayo ikikosa oili hugonga. Toa mikanda, washa kwa muda usiozidi dakika moja kwa kuwa pampu ya maji imesimama, sikiliza, zima. Gari lisisogee hata hatua moja ukiwa umetoa mikanda, maana breki hazina msaada.

Ukikanyaga klachi sauti inabadilika.

Basi acha injini, nenda nyuma: beringi ya klachi, springi za sahani, au boliti za flaiwili.

Inaweza kuwa dizeli yenyewe?

Inaweza, na hili watu hulisahau kwa kuwa tenki halina sauti. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huchelewa kuwaka ndani ya silinda, ikiwaka inapiga kwa kishindo, na hailainishi pampu wala nozeli inavyopaswa. EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huu, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe. Mchezo ulipungua, ila dizeli ya madumu kando ya barabara bado ipo, na madereva wanajua ilipo.

Dalili yake ni kwamba silinda zote zinagonga, mara tu baada ya kujaza mahali fulani. Kuhakikisha, chukua dumu safi lenye dizeli unayoiamini, ingiza humo bomba la kufyonza na la kurudisha, toa hewa, washa kwa dakika kumi na tano hivi. Injini ikitulia, usimguse fundi. Mwaga tenki, badilisha filta. Bomba la kufyonza lenye ufa nalo huingiza hewa na kuleta kugonga kusiko na mpangilio, kwa hiyo dumu likitibu mlio, kagua na mabomba kabla ya kumlaumu muuza mafuta.

Niweke oili nzito au dawa ya chupa kutuliza mlio?

Hapana. Oili nzito huchelewa kufika juu kwenye roka asubuhi, na dawa huficha mlio uliokuwa unakuonya. Weka daraja lililoandikwa na mtengenezaji. Kwa roli nyingi za huku ni 15W-40 ya dizeli nzito. Wanaopenda chupa hizi ni wauza magari: ukienda kununua roli ukakuta injini tayari ni ya moto na muuzaji anasema "nilikuwa nalisogeza tu", rudi kesho alfajiri bila kupiga simu.

Fundi anataka kushusha injini. Nimuulize nini?

Muulize ni silinda ya ngapi na amejuaje. Kama hana jibu, injini isishushwe. Muulize presha ya oili ni ngapi kwa geji ya mkono, si ile ya dashibodi. Kwa mfano, Cummins 6BT ikiwa ya moto na sailensa haitakiwi kushuka chini ya psi 10, na ikienda kasi isishuke chini ya 30.

Kisha filta ya oili ikatwe mbele yako. Karatasi yake itandazwe juani, ikamuliwe, ipitishwe sumaku. Vumbi jeusi ni masizi, kawaida. Chembe zinazoshikwa na sumaku zimetoka kwenye chuma kigumu: kamshafti, gia, ringi. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba visivyoshikwa na sumaku ni tabaka la ndani la beringi, na hapo fundi ana haki ya kuteremsha sampu. Sampu kwanza, si injini. Kwenye roli nyingi kofia za konrodi hufunguliwa kutoka chini, beringi zikaonekana moja baada ya nyingine. Krenki ikiwa haijachanwa, unaweza kubadilisha beringi pale pale chini ya gari. Ikiwa imechanwa, inakwenda kusagwa, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Howo za WD615 zina hedi ya peke yake kwa kila silinda. Ukishajua ni silinda ya nne, hakuna sababu ya kufungua sita.

Fundi wangu yuko mbali. Nimtumie nini kwenye simu?

Rekodi tatu fupi, injini ikiwa baridi. Ya kwanza sekunde 20 sailensa, simu ikiwa juu ya kava ya tapeti umbali wa mkono mmoja. Ya pili palepale, utingo akipandisha taratibu hadi mizunguko 1,500 kisha akiachia ghafla, maana beringi ya konrodi husema zaidi pale unapoachia. Ya tatu upande wa ekzosi. Rudia zote injini ikishapata moto, na utaje ipi ni ipi. Usitembee na simu huku ukirekodi, na usiongee. Piga picha ya dipstiki na ya geji ya oili, uziambatanishe, pamoja na jina la injini kama lilivyochongwa kwenye bloku. Kilichoandikwa mlangoni si ushahidi, maana Canter nyingi zimeshabadilishwa injini na mwenye gari hana habari.